Panya Hawakuzaliwa Bandani Mwangu

Siku subira yangu ilipokatika, nilitoka chumbani na mtoto mbavuni na kanga moja kichwani, nikasimama uani mbele ya wanaume watatu. Sikukohoa kwanza, sikumtuma mtu kuuliza kama naweza kupita. Nilitoka tu.

Mmoja alikuwa Bwana Afya, mtu wa makamo mwenye suruali fupi ya kaki na soksi ndefu. Wa pili alikuwa msaidizi wake, amebeba ndoo ya dawa. Wa tatu alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye nyumba ile ilikuwa mikononi mwake tangu baba yao alipofariki. Walipobisha hodi, mimi na mama mkwe tuliingia ndani kama ilivyo ada, tukateremsha pazia, na shemeji akawapokea. Ndivyo ilivyokuwa Mji wa Kale miaka ile ya vita, na sidhani kama imebadilika sana. Mwanamume wa kando akiingia uani, wanawake huingia ndani, na mwanamume wa nyumba ndiye anayesema yao. Basi mimi nikakaa nyuma ya pazia kumsikiliza akisema yangu.

"Panya wapo, bwana, sikatai," alisema. "Lakini wameletwa na hawa kuku wa mke wa ndugu yangu. Mtu wa Unguja huyu, amekuja juzi, hajui mji. Kabla ya kuku, panya tulikuwa tukiwasikia kwa jirani."

"Na chumba hiki?" Nilisikia Bwana Afya akigonga kwa fimbo mlango wa chumba cha pembeni mwa ua.

"Hicho ni chumba cha mama. Mna vitu vyake vya kizee. Ufunguo anao yeye, na saa hizi yuwasali."

Mama mkwe alikuwa ameketi ubavuni kwangu juu ya kitanda cha kamba, tasbihi mkononi, hasali. Aliinamisha uso. Ufunguo wa chumba kile ulikuwa mfukoni mwa kanzu ya mwanawe. Vitu vya kizee havikuwamo. Mlikuwa na magunia ya mbaazi na ufuta, yamepangwa hadi kwenye boriti, mali ya Muhindi mmoja mwenye duka mtaa wa pili, na shemeji alikuwa akila kodi yake. Chumba cha kulala watu hakikuruhusiwa kufanywa ghala la nafaka. Shemeji alilijua hilo, mama mkwe alilijua, na mimi nililijua.

Kisha nikasikia chaki ikikwaruza ubao wa banda langu la kuku.

"Hili livunjwe kabla sijarudi juma lijalo," Bwana Afya alisema.

Hapo ndipo nilipotoka.

"Fungua mlango huo, shemeji," nilimwambia. "Mfungulie bwana aone panya wanazaliwa wapi."

Bwana Afya aligeuka upesi akautazama ukuta. Alikuwa mtu wa adabu, siwezi kumsingizia. Msaidizi akaanza kuichunguza ndoo yake kana kwamba hajawahi kuiona. Shemeji alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonichoma kuliko maneno yake.

"Rudi ndani," aliniambia kwa sauti ya chini. Kisha akamwelekea mgeni. "Tuwie radhi, bwana. Mtoto wake mgonjwa, mwenyewe halali usingizi."

"Nalala vizuri. Nasema chumba hicho kina magunia."

"Mama," Bwana Afya alisema, bado anautazama ukuta, "mimi husema na mwenye nyumba. Na mwenye nyumba ameshasema."

Wakatoka. Shemeji aliwasindikiza hadi barazani, nikamsikia anacheka nao huko nje. Nami nilibaki nimesimama mbele ya banda, na alama ya chaki nyeupe kwenye ubao nilioupigilia misumari kwa mkono wangu mwenyewe.

Watu walinilaumu sana baadaye kwa kutoka vile. Wengi hawakujua, au walijifanya hawajui, kuku wale walikuwa wa nini. Sikuwafuga kwa kupenda. Nani anapenda kuamshwa na jogoo chini ya dirisha lake? Niliwafuga kwa sababu ya binti yangu.

Nilishikwa na homa mtoto akiwa hajafika mwaka, homa kali, na nilipoinuka maziwa yalikuwa yamekauka. Mume wangu alikuwa fundi mitambo katika meli ya mizigo, na wakati ule wa vita meli ikitoka, huulizi itarudi lini. Maziwa ya ng'ombe yaliyopita mtaani yalikuwa maji yaliyotiwa rangi. Mtoto akaanza kubadilika. Miguu ikawa kama vijiti vya mshikaki, tumbo likatoka, nywele zikageuka rangi ya kutu, na akaacha kulia. Mtoto anayelia hanitii hofu. Yule wangu alikuwa akinitazama tu.

Hospitalini, mwuguzi mmoja mwanamke alimshika nywele, akanitazama, akasema, "Huyu anataka yai. Kila siku, yai. Na samaki. Usinipe habari ya uji." Nilimwambia mayai ni shida, mji mzima unayatafuta, kila mwenye kuku anauza mayai yake kwa makambi ya wanajeshi. Akasema, "Basi fuga."

Nikafuga. Nilikwenda sokoni Marikiti na mama mkwe, nikanunua matetea kwa mama mmoja wa Kiduruma aliyewaleta wamefungwa miguu, nami nimevaa buibui langu nikarudi nao wanapiga kelele ndani ya kikapu njia nzima. Mama mkwe alitembea nyuma yangu kidogo, kana kwamba hatujuani.

Hakuwa na imani na mayai. Kwao, mtoto akila yai kabla hajaanza kusema hukawia kusema. "Atakuwa bubu, mwanangu," aliniambia. Nikamjibu kwamba bubu aliye hai atanitosha. Ni jibu baya la kumpa mkwe, na sijutii. Hata hivyo, matetea walipoanza kutaga na mtoto akawa anakula yai lake la kutokosa kila asubuhi, na nywele mpya zikaanza kuota nyeusi kwenye mashina, mama mkwe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuamka kwenda kuangalia viotani. Aliniletea yai limefunikwa kwa ncha ya kanga yake, bado la moto.

Ndipo wakaja panya.

Hawakuwa wale panya buku wa bandarini, wakubwa kama watoto wa paka. Walikuwa vipanya vidogo vya kijivu, vyepesi, vyenye masikio kama maua ya mkwaju. Ukiviona kimoja kimoja unaweza kuvihurumia. Jua likishuka tu, kabla hata ya adhana ya magharibi, vilianza kuingia bandani. Vilikula mtama, vilikula pumba, vilikula machicha ya nazi tuliyokwisha kuyakamua tui. Vilikojoa ndani ya maji. Kuku hawaoni gizani, wanakaa tu kwenye vijiti vyao, na panya wakawa wanawapandia migongoni kung'oa manyoya laini ya kutandikia matundu yao. Asubuhi nilikuta kuku wana vidonda juu ya mikia, wamejibana pembeni. Kuku mwenye hofu hatagi. Mayai yakapungua, yakawa siku liko na siku haliko, kisha siku nyingi haliko.

Na mtoto akaanza tena kunitazama.

Mtu ataniuliza, paka je? Mji wa Kale umejaa paka, kila ngazi ina wake. Nao ndio hao, wameshiba. Mama mkwe aliwapa matumbo ya samaki kwenye mlango wa jikoni kila siku baada ya adhuhuri, na kila nyumba ya mtaa ilifanya hivyo hivyo, kwa thawabu. Paka wa kwetu alikuwa dume la manjano, nene, lenye shingo kama ya mpagazi. Lilikuwa likilala juu ya paa la banda na kuwatazama panya wakipita chini yake kama jumbe anayetazama ngoma. Nilipoleta mtego wa waya na kuutia kipande cha papa mkavu, aliyenaswa ni yeye, mguu. Mama mkwe hakusema nami hadi Ijumaa.

Nikalivunja banda nikalijenga upya. Nililiinua juu kwa miguu ya boriti, na kila mguu nikautia ndani ya kopo la samli lililojaa maji, kama tunavyofanya kwa kabati la chakula kuzuia sisimizi. Nikapigilia waya wa dirisha chini na pembeni. Chakula nikakitia kwenye debe lenye kifuniko na jiwe juu. Machicha nikakataza kabisa yasiwekwe bandani usiku, na hilo nusura lilete vita, maana majirani walikuwa wakituletea machicha yao kwa sahani, kila nyumba, na kumrudishia jirani machicha yake ni kama kumwambia nyumba yako inanuka. Mama mkwe alipokea sahani zote, akashukuru, akazificha chini ya ngazi. Nikazitoa, nikayamwaga machicha kule pwani mwenyewe.

Jirani mmoja alinichungulia dirishani kwake, akasema, "Bibi wa Unguja, kuku wako wanafunga Ramadhani?"

"Kuku wangu wanakula mchana," nikamwambia. "Anayekula usiku ndiye ninayemtafuta."

Panya hawakupungua. Waliruka kutoka ukutani. Waya waliupenya, na palipokuwa na tundu la kuingia kidole tu, wao walipita. Nilianza kujiuliza si namna ya kuwazuia, bali wanatoka wapi.

Nililijua jibu kabla ya kulithibitisha. Kila nilipopita kwenye mlango wa chumba cha pembeni, niliisikia harufu ile ya nafaka iliyoliwa, vumbi na mkojo, na ukisimama kimya ukatega sikio, ungesikia kama mvua ndogo ndani ya magunia. Lakini kujua kwangu hakukuwa na thamani. Mimi nilikuwa mke wa mdogo mtu, mgeni, na yule ni msimamizi wa nyumba. Nilitaka kitu cha kuonyesha.

Basi nilichukua jivu la makaa, nikalichekecha kwa chekecheo la unga, na baada ya isha nikalinyunyiza ua mzima, jembamba kama poda, kuanzia bandani hadi kuta zote. Nikaamka asubuhi. Ua ulikuwa safi, unang'aa, hauna hata chembe.

Mama mkwe alikuwa ameshafagia.

Alifagia kila siku kabla ya jua, tangu alipoolewa katika nyumba ile. Riziki haiingii kwenye ua wenye takataka, na jua lisikute taka ya jana. Nilinyunyiza tena, na tena akafagia. Nilimwomba aache siku moja tu. Akanitazama kana kwamba nimemwomba aache sala.

"Kwa nini wamwaga jivu uani kwangu?"

"Nataka kuona njia ya panya, mama."

"Na ukishaiyona?"

Siku iliyofuata nilimtangulia. Adhana ya alfajiri ilipoanza nilikuwa nimeshashuka na taa, na jivu lilikuwa bado limelala. Njia ilikuwa pale, wala haikutaka mtu wa kuisoma. Vijiguu vidogo kama nukta za kalamu, mamia yake, na katikati mstari mwembamba wa mikia inayoburuzwa. Njia ilikuwa moja. Ilitoka chini ya mlango wa chumba cha pembeni, ikakata ua, ikafika bandani, ikarudi. Kwa jirani haikwenda. Bandani haikuanzia, kwani jivu lililokuwa limezunguka banda upande wa nyuma lilikuwa halijaguswa.

"Mama," nikamwita. "Njoo utazame."

Akaja na ufagio wake. Aliinama, akatazama muda mrefu. Alikuwa na macho makali, mato kama asemavyo mwenyewe, hakuhitaji taa yangu.

"Ni njia ya panya," alisema.

"Yatoka wapi?"

"Naiyona itokako." Kisha akainama akaanza kufagia, kuanzia mlangoni kwa ghala, polepole, hadi bandani. Nikasimama nikitazama ushahidi wangu ukikusanywa kwenye kizoleo.

Nikamweleza shemeji kwa maneno, maana kingine sikuwa nacho. Alikuwa anakunywa kahawa barazani. Nilisimama nyuma ya mlango.

"Basi hii ndiyo elimu ya sekondari," alisema. "Baba yako alikupeleka skuli Unguja ukasome nyayo za panya?"

"Nilisoma na mengine. Toa magunia, shemeji, au utie chokaa kwenye matundu yaliyo chini ya mlango."

"Magunia gani?"

"Haya unayopokelea kodi."

Akaweka kikombe chini. "Kodi hiyo ndiyo mchele unaokula, mume wako akiwa baharini. Ulishauliza?"

Nilishauliza. Mume wangu aliacha fungu la mshahara wake kwa ajili yangu, na fungu hilo lilipitia mkononi mwa shemeji. Lakini sikutaka kulianzisha hilo. Yai ndilo nililotaka. Nikamwambia hivyo, nikarudi juu.

Kwa hiyo niliposikia Bwana Afya anapita nyumba kwa nyumba mtaani, nilifurahi. Nilidhani hatimaye amekuja mtu mwenye haki ya kuamuru mlango ufunguliwe. Nilimvisha mtoto gauni safi, ili kama ataniuliza habari ya kuku, amwone mwenyewe. Yaliyotokea nimeshayasema.

Juma lile, baada ya chaki, lilikuwa refu. Panya huuma na kupuliza, tunasema, na shemeji alikuwa bingwa wa sanaa hiyo. Jioni ile ile aliniletea mayai ndani ya karatasi, akayaweka kwenye ngazi. "Mtoto wa ndugu yangu ni wangu," alisema. "Nitamnunulia mayai mimi, kila siku. Banda na liondoke, amani irudi." Kesho yake alileta tena. Siku ya tatu alisahau. Siku ya nne aliniambia mayai sokoni hayapo, nami nilikuwa nimemweleza hivyo tangu mwanzo.

Mama mkwe naye alikuja kukaa kitandani kwangu, akamchukua mtoto, akampakata.

"Mwanangu, neno la nyumba halitolewi kwa watu," alisema. "Ukenda kusema huko nje, mume wako akirudi atapata nini hapa? Ndugu aliyeaibishwa."

"Na nisipokwenda atapata nini?"

Akazipapasa nywele za mtoto, pale ambapo nyeusi ilikuwa imeanza na kutu ilikuwa inaanza kurudi.

Kilichonifanya niamue hakikuwa maneno. Asubuhi moja nilishuka kuwapa kuku maji, nikakuta mlango wa banda wazi. Kuku wote walikuwa ndani ya tenga mlangoni pa barabara, wamefungwa miguu kwa kamba ya ukindu, wawili wawili, tayari kwa kupelekwa Marikiti. Wa juu alikuwa amefumba macho nusu, mdomo wazi. Shemeji alikuwa ameingia kutafuta kofia yake.

Nilikaa chini sakafuni nikaanza kuwafungua. Mafundo yalikuwa magumu, nikatumia meno. Alipotoka akanikuta hivyo, kanga imeanguka mabegani, manyoya mdomoni, kuku wanachechemea kurudi uani.

"Wewe ni mwendawazimu," alisema.

"Ndiyo. Na leo naenda ofisi ya afya."

"Nani atakusikiliza?"

"Utaambiwa."

Niliposhuka nimevaa buibui, na mtoto na karatasi tupu za daftari langu la skuli, alikuwa amesimama mlangoni, ameunyoosha mguu wake kuziba njia. Hakunigusa. Naamini hangenigusa. Lakini hakusogea, mpaka nyuma yangu nikasikia buibui likitikiswa. Mama mkwe alikuwa ameshalivaa.

"Mama, na wewe?" shemeji alisema.

"Mimi siendi kushitaki mtu," alimjibu. "Mwanamke kijana hatembei peke yake kwenda ofisi za watu. Ondoa mguu."

Akauondoa.

Njiani mama mkwe alikuwa mbele safari hii, na alitembea haraka kuliko nilivyojua anaweza. Ofisini tulimkuta karani, kijana Mkristo kutoka bara, shati jeupe, kalamu sikioni. Alitutazama wanawake wawili weusi tii kwa mabuibui na mtoto mmoja, akatuonyesha benchi la wanaongojea dawa.

"Hatukuja kwa dawa," nilimwambia. "Nimekuja kuandikisha malalamiko."

"Mumeo yuko wapi?"

"Baharini."

"Basi mwenye nyumba alete. Malalamiko ya nyumba huletwa na mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ndiye ninayemlalamikia."

Aliitoa kalamu sikioni, akaitazama. "Mama, mimi sitaki ugomvi wa watu na ndugu zao. Huo ni wa kadhi."

"Kadhi hana habari ya panya. Nyinyi ndio wenye habari ya panya. Bwana wenu alikuja kwetu akaandika kwa chaki banda livunjwe, na hakufungua mlango wenye panya. Utanipa karatasi, au niandike kwenye yangu?"

"Bwana mkubwa husoma Kiingereza tu."

"Nitaandika Kiingereza."

Hapo alinisogezea kiti. Sijui kama ni kwa heshima au kwa kutaka kuona kichekesho. Niliandika, mtoto amelala pajani kwa mama mkwe, na kwa hasira ilinibidi nianze upya. Nilipomaliza, mama mkwe aliniambia nimsomee kwa Kiswahili. Nikamsomea kwa sauti ya chini, na karani akaacha kazi yake akasikiliza.

"Umesahau dirisha," mama mkwe alisema.

"Dirisha gani, mama?"

"Chumba kile kina dirisha la njiani. Amelipigilia mbao kwa ndani, magunia yasionekane. Litie dirisha hilo." Akamrekebisha mtoto pajani. "Chumba kile ndicho nilichozaliya wanangu wote, na huyo akiwa wa kwanza. Kina dirisha na hewa. Si ghala. Andika."

Nikaandika. Kisha karani akasoma yote, akatia muhuri, akaniuliza jina la mtoa malalamiko, na nikampa langu. Nakala ya Kiswahili nilijiandikia nyumbani jioni ile, na hii hapa, nimeondoa majina tu:

"Kwa Bwana Afisa wa Afya.

Bwana, mimi ni mwanamke niliyeolewa, ninakaa katika nyumba ya mawe ambayo mtumishi wako aliikagua juma hili. Ninaleta malalamiko juu ya shemeji yangu, msimamizi wa nyumba hiyo.

Mtumishi wako aliambiwa kwamba panya wa uani wametokana na kuku wangu. Sivyo. Chumba cha pembeni mwa ua, ambacho ni chumba cha kulala, kimejazwa magunia ya mbaazi na ufuta. Dirisha lake la njiani limepigiliwa mbao kwa ndani. Ufunguo anao shemeji yangu, si mama yake kama alivyosema. Panya hutoka chini ya mlango wa chumba hicho kila jioni na kurudi humo humo. Mimi nimeziona nyayo zao, na mama mkwe wangu ameziona. Yupo hapa ofisini, na atasema hivyo akiulizwa.

Ninafuga kuku kwa amri ya hospitali yako, kwa ajili ya mtoto wangu, ambaye ni mgonjwa kwa kukosa chakula cha kumjenga. Akikosa mayai atakufa. Siandiki neno hilo kwa kutisha. Mtoto nimekuja naye, mtazame.

Ninaomba mambo matatu. Chumba kifunguliwe na magunia yaondolewe. Matundu yaliyo chini ya mlango na ukutani yazibwe kwa chokaa na vigae. Banda langu lisivunjwe, na amri iliyoandikwa juu yake ifutwe. Banda likivunjwa na chumba kikaachwa, panya watabaki na mtoto hatabaki.

Shemeji yangu atakuja kwako kusema kwamba mimi sina akili. Muulize kuhusu chumba kwanza, kisha umuulize kuhusu akili yangu.

Ninaomba jibu kwa maandishi. Liletwe kwa jina langu, lisiletwe kwa jina lake."